Masisi iko na majani, juu ya nini tunakunywa maziwa ya unga?

Hotuba kwa vijana wa miji, siku ya maziwa duniani, tarehe 1 Juni



Leo ni siku ya maziwa duniani. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliiweka tangu mwaka 2001. Kuna inchi zinafanya sherehe leo. Sisi tufanye kitu kingine: tufanye hesabu.

Anza na kikombe cha chai. Asubuhi, simama kwa mama yeyote anayeuzisha chai na mandazi ku kona ya barabara ya Goma. Mwambie, mama, niongezee maziwa. Atafungua kopo ama sashe, atachukua kijiko, ataweka unga. Ule unga ulivuka bahari, ukashuka ku bandari, ukapita mipaka, ukafika hapa. Na pale pale mama anakaa, siku mawingu hayako, ukigeukia upande wa Sake unaona milima inaanza. Nyuma yake kuna Mushaki, Kilolirwe, Kitchanga, Ngungu. Majani ya Masisi kila mutu anayajua. Ng'ombe zilikuwa pale mbele sisi hatujazaliwa.

Sasa swali. Juu ya nini unga wa mbali unashinda maziwa ya jirani?

Nimesikia majibu mengi mu muji. Wengine wanasema wafugaji wetu ni wavivu. Wengine wanasema ng'ombe wao ni wa zamani. Wengine wanasema watu wa kule wanapenda kuhesabu pembe kuliko kuhesabu litri. Mimi nakuja kuwaambia kitu moja tu leo: mufugaji anahesabu vizuri kutupita sisi. Maziwa ni kidogo juu hesabu yake inamwambia akamue kidogo. Tukitaka litri ziongezeke, tubadilishe ile hesabu. Kumutukana hakuongezi hata kikombe.

Tuingie polepole.

Ng'ombe si robine, useme unafungua kidogo ama unafungua sana. Ili atoe maziwa lazima azae. Mimba yake ni miezi 9. Ndama jike aliyezaliwa leo atazaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na nusu ama mitatu, akilishwa vizuri, na milimani mara nyingi inapita pale. Kwa hiyo mufugaji anayeamua leo kutunza ndama mwenye damu nzuri anaamua maziwa ya miaka mitatu mbele. Anaweka feza yake leo, na jibu lake liko mbali. Bei ikipanda wiki moja, hawezi kuongeza ng'ombe wiki ile. Lakini bei ikianguka miezi sita, anaweza kuuza ng'ombe ku nyama siku moja tu. Kuongeza ni polepole, kupunguza ni haraka. Muweke ile mu kichwa, tutairudia.

Lakini kuna kitu anaweza kubadilisha hata wiki hii: chakula, maji, chumvi, dawa ya kupe. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji maji mengi, karibu litri nne kwa kila litri moja ya maziwa anayotoa. Akitembea saa mbili kutafuta maji, ile nguvu inaishia ku miguu. Kumuletea maji, kumukatia majani, kumupa pumba na chumvi, yote ni kazi na feza.

Tufanye mufano. Nasema mufano, siyo bei ya soko. Tuseme mufugaji anauza litri kwa franga 1000 pale ku mulima, na ng'ombe wake anatoa litri 5 kwa siku. Mutu wa veterineri anamwambia: mupe chakula ya kuongeza na dawa, atafika litri 8. Zile litri 3 za juu zitaleta franga 3000. Chakula na dawa itakula franga 2000 kwa siku. Inabaki 1000. Atafanya? Atafanya, hata wewe ungefanya.

Sasa bei inashuka, litri inakuwa franga 600. Zile litri 3 zinaleta 1800. Chakula na dawa bado ni 2000. Kila siku anapoteza franga 200 juu ya kufanya kazi vizuri! Ataacha. Ng'ombe atarudi ku litri 5. Na tena, kama bei ni mbaya sana, hata zile litri 5 hatazikamua zote, ataachia ndama anyonye, juu ndama akinona anauzika. Wewe unapita na gari, unaona ng'ombe wengi, maziwa kidogo, unasema: wavivu. Kumbe umeona mutu anayejua kutoa na kujumlisha.

Muone vizuri hapa. Bei ya kuangalia siyo ile tunalipa ku muji. Ni ile inafika ku mukono wa mufugaji. Kati ya bei mbili hizi kuna njia ndefu, na njia ile njo habari yetu ya leo.

Kitu cha kwanza ku ile njia ni barabara yenyewe.

Maziwa ikitoka ku chuchu iko na joto ya mwili. Bila baridi, saa chache tu inaanza kugeuka. Ku inchi zenye tanki za baridi wanaishusha mpaka digri 4, inangojea gari. Mufugaji asiye na courant wala tanki anangojea nini? Anakamua asubuhi, anatuma bidon na motari, anaomba Mungu. Maziwa ya jioni, hata kama iko, itasafiri na nani usiku? Kwa hiyo ya jioni inabaki kwa watoto na kwa ndama. Siku yake ya kazi inakatwa katikati.

Njo maana fromaji ya Masisi iko. Munaijua ile boule ya mviringo, ganda la njano, inauzwa ku Goma na ilikuwa inapanda ndege mpaka Kinshasa. Wabelgiji walileta ujuzi, watu wetu wakaushika, wakaufanya wao. Inapenda kusifiwa, na mimi naisifu. Lakini mujiulize juu ya nini wanafanya fromaji pahali pa kuuza maziwa. Kilo moja ya fromaji inakula karibu litri 10 za maziwa. Litri 10 ni muzigo, inamwagika, inachacha. Kilo moja inaingia mu kifuko, inangojea wiki mbili, haiogope matope. Fromaji ni jibu la mutu mwenye akili aliyefungiwa barabara. Na mama wa Masisi anayegandisha mashanza anafanya hesabu ile ile.

Na hapa kuna kitu cha kuuma. Musimu wa mvua, majani ni mengi, ng'ombe wanatoa sana. Na musimu ule ule barabara inageuka matope, gari zinalala njiani siku mbili. Maziwa inazidi ku mulima pale pale haiwezi kushuka. Bei inaanguka kwa mufugaji wakati iko na ya kuuza. Kiangazi kinakuja, barabara inakauka, gari zinapita, bei inapanda, na ng'ombe wamepunguza. Mvua inamupa maziwa bila soko, jua linamupa soko bila maziwa. Mutu wa namna ile atanunua ng'ombe wa kisasa kwa tumaini gani?

Kitu cha pili ni bariere.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariere karibu 800 mu Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Karibu mia nane! Zingine za askari na watumishi wa serikali, zingine za vikundi vyenye silaha. Kamba, muti, jeton, "lipa upite". Tangu pale washika kamba wamebadilika mara nyingi, kamba yenyewe imebaki.

Watu wengi wanafikiri feza ya bariere inalipwa na dereva. Dereva anaitoa mu mufuko, ni kweli, lakini yeye si mujinga. Akirudi ku mulima anamwambia mufugaji: njia ni kali, nitakupa kidogo. Akifika ku muji anamwambia muuzaji: njia ni kali, nitaongeza. Kwa hiyo ile kamba inawafunga wawili, mwenye ng'ombe na mwenye kikombe. Dereva ni wa kupitisha tu.

Tena bariere inachagua wa kuumiza. Tufanye mufano mwingine. Bariere tatu, kila moja franga 2000, jumla 6000. Gari yenye litri 600 inalipa franga 10 kwa litri. Motari mwenye bidon tatu, litri 60, akilipishwa sawasawa, ni franga 100 kwa litri. Mara kumi! Njo vile mudogo anatoka mu kazi na mukubwa anabaki peke yake. Akibaki peke yake, yeye njo anapanga bei ya kununua ku mulima. Mufugaji hana mwengine wa kuuzia, na maziwa haingojee.

Kitu cha tatu ni feza yenyewe.

Mufugaji anauza kwa franga. Dawa ya kupe, dawa ya minyoo, bidon za aluminium, mafuta ya moto, vyote bei yake inafuata dola, hata kama umelipa na franga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franga 920. Mwaka 2024 ilipita 2700. Kama bei ya litri haikuongezeka karibu mara tatu mu ile miaka, basi mufugaji alipunguziwa mushahara bila mutu kumwambia. Na ukichelewa kumulipa ni kumupunguzia mara ya pili. Mutu anachukua maziwa leo, analipa mwisho wa mwezi ama mwezi ule mwengine, wakati dawa imepanda. Tarehe ya kulipa nayo ni sehemu ya bei.

Ile siyo maneno ya Kongo peke yetu. Kenya, kampuni ya KCC ilikuwa na haki peke yake ya kuuza maziwa mijini mpaka mwaka 1992. Soko likafunguliwa, KCC ikaingia mu madeni, wafugaji wakangojea malipo mpaka wakachoka, wakapeleka maziwa kwa wachuuzi wa mitaa wanaolipa pale pale. Ile kampuni kubwa ilianguka, mpaka serikali ikaifufua tangu 2003. Mufugaji wa Kenya hakuwa adui wa kiwanda. Alikuwa rafiki ya mutu anayelipa.

Kitu cha nne ni usalama na ardhi, na hapa naomba tusikilizane na heshima, juu wengi kati yetu tumepoteza watu.

Masisi iliwaka 1993. Wakimbizi na silaha wakaingia 1994. Vita mbili zikafuata. Ng'ombe waliibiwa, walikulwa, walivushwa mipaka. Wafugaji wakaanza tena toka ziro. Januari 2023 Kitchanga ikaingia mikononi mwa M23, mwezi uliofuata mapigano yakafika Mushaki. Januari 2025 vita ikaingia Goma yenyewe. Sitaki kurudia maumivu yetu hapa, munayajua. Nataka muone inafanya nini ku litri.

Ng'ombe wa kisasa, Friesian ama wa kuchanganya, anatoa maziwa mara nyingi kupita Ankole. Lakini ni bei, anataka dawa, anataka chakula, na usiku risasi zikilia hawezi kutembea kilomita 40 mu mulima. Ankole wetu anatoa litri mbili tatu, lakini anatembea, anavumilia kupe, anaishi. Mutu anayengojea kukimbia anachagua ng'ombe wa kukimbia naye. Vita inachagua hata mbegu ya ng'ombe! Na hata amani ikirudi kesho asubuhi, mukumbuke ile nilisema: kupunguza ni haraka, kuongeza ni miaka mitatu. Kila vita ya mwezi moja inakula maziwa ya miaka mingi.

Ardhi nayo ni vile. Mwaka 1973 sheria mupya ilisema ardhi yote ni ya serikali, na tarehe 30 Novemba ya mwaka ule Mobutu akatangaza mashamba na biashara za wageni zipewe Wazairwa. Ku Masisi, ma-ferme makubwa ya wakoloni yakaingia mukononi mwa watu waliokuwa karibu na mamlaka. Mpaka leo kuna milima mizima yenye bwana moja anayeishi mbali, na familia zinazokodi kipande, bila karatasi, zinaweza kufukuzwa musimu wowote. Mutu ambaye hajui kama mwaka kesho atakuwa pale, atapanda majani ya tembo? Atajenga kisima? Atachota ile anaweza leo na ataenda. Mukimuona anaharibu malisho, muulize kwanza ni ya nani.

Sasa turudi ku ule unga wa mama wa chai.

Musifikiri nakuja kuwaambia Muzungu mufugaji ni adui. Ulaya iliweka kiwango kwa wafugaji wake mwaka 1984: usipite litri fulani, ukipita unalipa. Tarehe 31 Machi 2015 kile kiwango kikaisha. Maziwa ikazidi, Urusi ilikuwa imefunga mulango kwa maziwa yao tangu 2014, bei ikaanguka, wafugaji wengi wa kule wakafunga kazi. Hata mbele ya pale, Novemba 2012, walimwagia maziwa Bunge la Ulaya mu muji wa Brussels juu ya hasira ya bei. Serikali zao zikanunua unga na kuujaza ku depo, ukapita tani 300,000. Mufugaji wa Ubelgiji na mufugaji wa Kilolirwe wanalia kilio kimoja: bei inayofika kwangu haifike ku gharama yangu. Lakini wa Ubelgiji iko na barabara, tanki, benki, na serikali inayonunua unga ikizidi. Wetu iko na bariere.

Na musome sashe, tafazali. Unga mwengi unaouzwa Afrika si maziwa kamili. Wanatoa mafuta ya maziwa, wanayauza kama siagi kwa bei kali, halafu wanaweka mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Ya mawese, wandugu, ku inchi ya mawese! Siyo sumu, simutishe mutu. Lakini ujue unanunua nini.

Kuna wanaosema: tupandishe ushuru ku mupaka, basi. Kongo ilisaini kuingia EAC tarehe 8 Aprili 2022, na ku ushuru wa pamoja wa jumuiya ile, maziwa inayotoka inje ya jumuiya inalipishwa 60%. Ni silaha kweli. Lakini mufikiri. Ukifunga unga leo na barabara ya Masisi iko vile iko, maziwa ya Masisi haitashuka kesho. Kitu kitapanda ni bei ya chai, na mutoto wa mama maskini njo atalipa. Tena ndani ya jumuiya hakuna huruma ya bure: Januari 2020 Kenya ilikamata maziwa ya Uganda, na wote wawili ni wanachama. Uganda haikufika pale pa kuogopesha jirani kwa maneno. Ilifika juu ya tanki za baridi ku upande wa Mbarara, barabara, na wanunuzi wengi wanaoshindana. Ushuru unakuja nyuma ya barabara, siyo mbele.

Basi tuombe nini? Niko na vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji muujiza.

Kimoja. Kila kodi ya halali ku barabara iandikwe ku ubao, kwa Kiswahili, kiasi chake na jina la anayeipokea, na risiti itolewe. Isiyoandikwa si kodi, ni wizi, hata kama anayeshika kamba iko na uniforme, na hata kama iko na bunduki tu. Tunaomba hii kwa yeyote anayeshika jeton, leo na kesho. Kijana mwenye simu anaweza kuandika: pahali, tarehe, kiasi. Jina la motari usiandike, utamuletea matatizo.

Cha pili. Kuna mufuko wa kutengeneza barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008. Unakatwa ku kila litri ya mafuta ya gari tunayonunua. Motari anayepeleka bidon anachangia barabara inayomuvunja mugongo. Tuulize, kwa barua, kwa redio, kwa wabunge wa jimbo, bila kuchoka: feza ile ya litri ya mafuta ilitengeneza kilomita ngapi kwa litri ya maziwa?

Cha tatu. Vyama vya wafugaji vipate tanki na courant. Inchi hii iko na maji ya kufanya courant: kituo cha Matebe kule Rutshuru, megawati 13, kilifunguliwa 2015. Tanki moja pahali gari inafika inarudisha maziwa ya jioni mu soko. Na wafugaji wakiuza pamoja, mununuzi moja hapange bei peke yake.

Cha ine ni chetu, sisi watu wa muji. Hapa naomba musinikasirikie. Ni nani anaongeza maji mu bidon? Mara nyingi si mufugaji. Ni kule njiani na huku sokoni. Na maji mu maziwa haidanganye mununuzi peke yake. Mununuzi akijua kila bidon inaweza kuwa na maji, analipa kila bidon bei ya maziwa ya maji. Mufugaji mwaminifu analipwa sawa na mwizi. Atafanya nini? Ama ataongeza maji, ama ataacha kazi. Kuna kifaa kidogo cha kioo cha kupima uzito wa maziwa, hakihitaji courant wala diplome. Chama cha vijana wa mutaa moja kinaweza kukinunua na kupima sokoni mbele ya watu. Na wewe mwenye restora, mwenye boutique, uliyechukua maziwa: lipa siku uliyosema.

Wandugu, namaliza.

Nilipokuwa mudogo nilifikiri maziwa inaanza ku ng'ombe. Leo najua inaanza mu kichwa cha mutu anayeketi jioni, anahesabu: kesho gari itapita? Kamba itakuwa ngapi? Nitalipwa lini? Mwaka kesho nitakuwa bado hapa? Akijibu vizuri yale maswali mane, atakata majani ya kuongeza, ng'ombe atatoa litri ya sita, ya saba, ya nane. Akijibu vibaya, atakata tamaa, na sisi tutafungua sashe.

Kesho asubuhi mukikunywa chai, muangalie kile kijiko cha unga. Kinapima ni mbali kiasi gani tumemuacha jirani yetu. Tuanze kumukaribia: mwenye simu aandike bariere, mwenye sauti aulize FONER, mwenye boutique alipe siku yake.